Punje Sitini na Moja

Mkaguzi Msaidizi Evarista alizihesabu mara ya tatu. Zilikuwa sitini na moja. Alikuwa amezimwaga kutoka kwenye kichupa cha hospitali hadi kwenye kisahani cha chai, akazipanga kumi kumi kwa ncha ya kalamu, na ile moja iliyobaki akaiacha peke yake ukingoni.

"Hata ukizihesabu mpaka kesho hazitaongezeka," alisema Afande Ebenezer, mkuu wa upelelezi wa kituo, akiwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. "Jalada la Hashimu liko tayari?"

"Bado, afande."

"Gari la mahakamani linaondoka saa nane. Mtu ameua, amekiri, ameweka dole gumba. Unasubiri nini?"

Evarista alikisogeza kisahani mbele. "Hizi ndizo daktari alizotoa kwenye mwili wa marehemu Batholomeo. Ndogo kama mbegu za uwele. Na hizi hapa ni za mzee Hashimu." Alivuta kisahani cha pili. "Tulimkuta na risasi nne nzima na ganda moja tupu. Zote zimeandikwa SSG. Nimemwomba fundi wa silaha anifungulie moja."

Katika kisahani cha pili zilikuwamo punje kumi na tano, kila moja kubwa kama njegere.

"Shotgun ni shotgun," alisema Ebenezer.

"Mzee amepiga risasi moja, afande. Risasi moja ya SSG ina punje kama kumi na tano. Hizi sitini na moja zimetoka wapi?"

"Alikuwa na nyingine akaitupa. Mimi nimeanza kazi hii wewe ukiwa chekechea." Ebenezer alichukua jalada mezani, akalifungua penye alama, akasoma kwa sauti. "'Juzi Jumanne jioni nilimpiga bwana shamba risasi moja. Akaanguka, akainuka, akakimbilia mtamani. Sikumfuata kwa sababu giza lilikuwa linaingia.' Batholomeo alikuwa nani pale mtaani Zuzu?"

"Bwana shamba."

"Amekutwa wapi?"

"Mtamani."

"Basi." Alilifunga jalada. "Na alipoambiwa aeleze vizuri, akamtukana marehemu mbele yangu. Eti bwana shamba si mtu. Imeandikwa humo. Saa nane, Evarista."

Alipoondoka, Evarista alivisogeza visahani kando. Kisha akamwita Konstebo Meshack, kijana mrefu aliyehamishwa kutoka Sumbawanga miezi mitatu iliyopita. Meshack ndiye aliyeyaandika maelezo ya Hashimu.

"Alipokuwa anakuambia haya, alikuwaje?"

Meshack alifikiri. "Alikuwa anacheka, afande. Mwanzoni. Tulipomwambia aliyekufa ni nani, ndipo akaacha. Akasema bwana shamba si mtu, na tangu hapo hajasema neno."

"Ulimwandika kwamba alikuwa anacheka?"

"Hapana, afande."

"Na nani wengine wana leseni ya bunduki kule?"

Meshack alifungua daftari. "Ni wawili tu. Huyu mzee, shotgun moja ya mitutu miwili. Na Bwana Raphael, mtumishi wa serikali, anaishi mjini, Miyuji, ana shamba la alizeti Zuzu. Yeye ana shotgun moja na rifle moja ndogo. Ndiye aliyeukuta mwili jana asubuhi na kutuelekeza kwa Hashimu. Anasema Jumanne alikuja na rifle tu, kufukuza nyani, na hakufyatua hata mara moja."

*

Hashimu alikuwa ameketi sakafuni mwa mahabusu, mgongo wima, kofia yake ya kushonwa kwa mkono ikiwa imekaa sawasawa kichwani kana kwamba alikuwa nyumbani kwake. Alikuwa Mrangi wa milima ya Kondoa aliyehamia Zuzu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na wakulima wa pale walizoea kumwita kila wanyama walipoingia mashambani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Hakugeuka. "Kama umekuja na karatasi nyingine, rudi nayo. Sitaongea tena na mtu anayeandika nisichosema."

"Sikuja na karatasi. Nimekuja kuuliza habari za bunduki. Sizijui vizuri."

"Polisi, hujui bunduki?"

"Nimefundishwa kuipiga. Sikufundishwa kuchagua."

Mzee aligeuza shingo taratibu. Alimtazama tangu viatu mpaka usoni, kama anayetafuta mzaha na asiuone.

"Kanga wakifukua mbegu shambani kwako," aliuliza, "utachukua nini?"

"Rifle?"

"Rifle utamkosa, na ukimkosa hiyo risasi haisimami. Itavuka reli, itaingia nyumba ya mtu asiyekujua. Zuzu sasa kuna watu kila upande. Kanga ni shotgun, na ni namba tano. Namba ikipanda, punje zinapungua ukubwa. Wengi hawajui, wanadhani namba nane ndiyo nzito. Namba tano zinatawanyika vizuri, ndege anaanguka akiwa bado ana roho, nawahi kumchinja. Siku hizi nimeacha kanga. Macho hayakimbizani tena na kitu kinachoruka."

"Kwa hiyo huna namba tano."

"Miaka mitatu sijanunua. Kibali cha kununua mnatoa ninyi, angalieni daftari lenu."

"Na SSG?"

"Hiyo ni ya mwenye shingo nene. Punje chache, nzito, zinakwenda pamoja. Lakini usipige mbali. Mimi namsubiri mpaka hatua ishirini, upepo ukitoka kwake kuja kwangu. Pale Zuzu mama mmoja, Anastazia, alikuwa amebakiwa na matuta manne tu ya karanga. Manne, binti. Mengine yote ameyalima yeye kwa pua."

"Yeye nani?"

Hashimu aliirekebisha kofia yake.

"Mzee, saa nane unapelekwa mahakamani. Ni kesi ya mauaji, haina dhamana. Huenda ukakaa gerezani hata miaka miwili kabla shahidi wa kwanza hajasimama."

"Kila neno nililosema ni la kweli. Nililieleza mara moja kwa bosi wako, akapiga meza, akaniandika nimemtukana maiti. Mara ya pili silielezi. Na jina la mnyama yule mdomo wangu haulitaji, sikuanza jana." Aligeukia ukuta tena. "Nenda Zuzu kaulize bwana shamba ni nani. Usimuulize mwenye ofisi. Muulize mwenye jembe."

*

Ilikuwa saa nne na nusu Evarista na Meshack walipofika Zuzu. Evarista alianza pale mwili ulipokutwa, kwenye mtama wa Batholomeo wa majaribio, karibu na tuta la reli. Mabua yalikuwa yamelala mahali alipoanguka. Alipima kwa hatua, akachuchumaa, akamwonyesha Meshack majani ya juu. Yalikuwa na vitundu vidogo vingi, na vyote vilikuwa upande wa reli.

"Shamba la karanga liko wapi?"

Meshack alinyoosha mkono upande mwingine kabisa. Kati ya hapo na karanga kulikuwa na eneo zima la alizeti, zaidi ya mita mia mbili.

"Hatua ishirini," alisema Evarista, zaidi kwa nafsi yake.

Mwenye karanga, Anastazia, alikuwa amekaa nje ya nyumba yake akichambua mboga za mlenda. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mgogo, mwenye mabega mapana. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, na alikuwa amejifunga kitenge kuanzia kidevuni mpaka utosini.

"Mbukwenyi," Meshack alimsalimu. Ni neno pekee la Kigogo alilokuwa amejifunza.

"Mbukwa. Karibuni. Viti hakuna, serikali itasimama."

"Tutasimama, mama," alisema Evarista. "Pole na jino."

"Nimeshapoa."

"Tunataka kukuuliza kitu kidogo. Bwana shamba ni nani hapa?"

Anastazia aliacha kuchambua. Alimtazama Evarista, kisha Meshack, kisha tena Evarista.

"Wa miguu miwili au wa minne?"

Meshack alikohoa.

"Wapo wawili?" aliuliza Evarista.

"Marehemu Batholomeo alikuwa anapita Jumatatu na Alhamisi kukagua. Yule mwingine anapita kila siku jioni, hakosi, anakagua shamba kwa shamba, tuta kwa tuta. Kwa hiyo nguruwe pori tunamwita bwana shamba. Hata marehemu alikuwa anajua, alikuwa anacheka mwenyewe. Alituambia, huyo mwenzangu ana bidii kuliko mimi." Sauti yake ilishuka. "Hashimu ndiye aliyeanzisha. Kwa dini yake hamtaji yule mnyama, basi akamtafutia cheo."

Meshack alivua kofia yake. Aliishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili.

"Mama, kwa nini hukuja kituoni?"

"Kusema nini?"

"Kwamba mzee Hashimu alimpiga nguruwe."

"Nitajuaje alimpiga? Mimi nilikuwa ndani."

Evarista alichuchumaa mbele yake, akachukua tawi la mlenda, akaanza kuchambua.

"Jino limevunjika lini?"

"Jana."

"Kwa kula nini?"

"Ugali."

"Ugali wa mawe?"

Anastazia alirudisha mkono shavuni. Meshack alifungua kinywa, Evarista akamtuliza kwa jicho.

"Mama, yule mzee anapelekwa mahakamani leo saa nane. Mimi nina ganda moja tupu la risasi na sijui punje zake zilipo. Kama zimo kwenye mnyama, Hashimu hakuua mtu. Nikikosa mnyama, anafungwa."

"Na mla mnyama je? Watu wa maliasili watakuja kunichukua. Nyama ya porini bila kibali, mnatufunga. Mnyama anakula karanga zangu bila kibali, yeye hafungwi."

"Sitakudanganya. Wanaweza kuja."

Mama yule alisimama. Kwa muda Evarista alidhani anakwenda kufunga mlango. Aliingia ndani, akatoka na karatasi iliyokunjwa, akaifungua kwenye kiganja. Ndani yake kulikuwa na kipande cha jino na punje moja ya risasi, kubwa kama njegere, iliyobonyea upande mmoja.

"Nilimkuta jana alfajiri kwenye korongo nyuma ya nyumba, pembeni ya mtama wangu, amekufa. Sikujua habari za marehemu. Nikamchuna, nikapika, nikala. Nilikuwa namwekea Hashimu hii nimwonyeshe alichonifanyia. Andika jina langu lote. Andika nimekula. Na karanga alizokula yeye nazo andika."

"Mzoga uko wapi?"

"Kichwa na mabega yako korongoni, nimefukia. Kuna nyingine kama hii begani, nilizisikia kwa kisu nikaogopa."

Meshack alikwenda kumwita mwenyekiti wa mtaa awe shahidi. Walifukua pamoja. Kwenye bega la kushoto walitoa punje saba, zote za ukubwa mmoja. Evarista aliziweka kwenye bahasha, akaandika tarehe, saa na mahali, mwenyekiti akasaini, Anastazia akasaini kwa herufi kubwa alizozikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Waliporudi nyumbani, Evarista aliona kitu kikining'inia juu ya mafiga. Ilikuwa nusu ya ndege aliyekaushwa kwa moshi.

"Huyo naye ni wa Hashimu?"

"Huyo ni wa Bwana Raphael. Ni kanga. Jumanne jioni alipita hapa na wanne kwenye kamba moja, akanipa mmoja. Akarudi tena upande wa reli, akasema wamebaki wengine wanakimbia chini chini kwenye mtama."

"Alikuwa na bunduki gani?"

"Mimi najua bunduki? Ilikuwa inalia tangu saa kumi. Lakini kanga alikuwa amejaa vipele vya risasi kama ana tetekuwanga. Nilikuwa natema punje huku natafuna. Siku mbili, punje za aina mbili. Kinywa changu kimekuwa ghala la silaha."

Evarista aliomba kisu. Kwenye paja la kanga alitoa punje tatu. Aliziweka juu ya karatasi nyeupe kando ya rula. Zilikuwa chini kidogo ya milimita tatu, kama mbegu za uwele.

"Mtu mwenye rifle hampigi kanga matundu kumi," alisema Meshack taratibu.

"Na mtu ambaye hakufyatua," alisema Evarista, "hagawi kanga."

*

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika ishirini. Gari la mahakamani lilikuwa limeshawashwa. Afande Ebenezer alisikiliza akiwa amesimama, bahasha tatu zikiwa wazi mbele yake.

"Yaani ushahidi wako ni jino la mla nyamapori."

"Ushahidi wangu ni punje nane za SSG, moja ya jino na saba za begani, afande. Risasi moja ya mzee Hashimu ilikwenda huko. Mwili wa Batholomeo hauna hata punje moja ya SSG."

"Na kukiri kwake?"

Meshack ndiye aliyesogea mbele.

"Hakukiri, afande. Niliandika mimi, na nilikosea mimi. Alikuwa anazungumza habari za nguruwe, nami nikadhani ni mtu. Aliposema bwana shamba si mtu, alikuwa anatueleza, tukaandika tusi. Kama kuna wa kuadhibiwa, jina langu liko chini ya ukurasa."

"Konstebo, nani amekuuliza?"

"Hakuna, afande."

Ebenezer alichukua kalamu. "Hati ya mashtaka nitasaini mwenyewe. Mahakama itaamua."

"Basi nami nitakwenda mahakamani," alisema Evarista. Sauti yake haikupanda, lakini mikono aliificha nyuma. "Nitasimama kama shahidi wa utetezi. Nitapeleka kisahani hiki, nitazihesabu mbele ya hakimu moja moja. Atauliza nani alisaini baada ya kuambiwa."

Dereva alipiga honi nje. Ebenezer alibaki na kalamu hewani. Alivitazama visahani viwili, akaokota punje moja kubwa na moja ndogo, akazigeuza kati ya vidole kwa muda mrefu. Honi ililia mara ya pili.

"Mwambieni dereva aondoke, na mzee mfungulieni," alisema hatimaye. "Wewe una mpaka kesho asubuhi, Evarista. Ukiwa umekosea, nitakupeleka sokoni Kibaigwa ukahesabu magunia ya mahindi."

*

Mlango wa mahabusu ulipofunguliwa, Hashimu hakuinuka.

"Uko huru, mzee," alisema Evarista.

"Huru kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Jana mmenitoa nyumbani kwa pingu, watu wote wanaona. Leo nirudi kichochoroni kama mwizi wa kuku? Watasema nimehonga. Wanangu watasemwa." Alipangusa kofia yake, akaivaa tena. "Siondoki. Batholomeo anazikwa saa kumi. Yule ndiye aliyenipa mbegu yangu ya kwanza ya karanga hapa Zuzu. Mlionipeleka mbele za watu, nirudisheni mbele za watu."

Meshack alimtazama Evarista. "Afande, pale msibani kuna hasira. Wanaweza kumrushia mawe."

"Watarusha," alisema Hashimu. "Mimi nitakuwa nimesimama."

Evarista alimpisha mzee apite. Kisha akamfungulia mlango wa mbele wa gari, kando ya dereva, yeye akapanda nyuma.

Jeneza lilikuwa limeshashushwa walipofika. Kwaya ilikuwa ikiimba kwa Kigogo, na wanaume walikuwa wakipokezana machepeo kufukia. Wimbo ulikatika sauti moja baada ya nyingine watu walipomwona aliyeshuka. Mtu mmoja akasema, "Muuaji." Mwanamke mwingine akamwambia anyamaze. Alikuwa Anastazia, kitenge bado kimemfunga shavu.

Hashimu alipita katikati yao bila haraka. Hakumsalimia mtu wala hakuinamisha uso. Alifika ukingoni mwa kaburi, akatazama chini, midomo yake ikatikisika kidogo. Kisha akamwendea mwanamume wa karibu aliyekuwa na chepeo, mtu wa miaka arobaini na kitu, shati jeupe, viatu vya ofisini vimejaa udongo mwekundu.

"Nikupokee, Bwana Raphael," alisema. "Umechoka."

Raphael hakuachia. Vidole vyake vilikuwa vimeushika mpini mpaka vimepauka.

Evarista alikuwa ameshafika nyuma yake. Alisema kwa upole, karibu na sikio. "Ukimaliza kunawa mikono, tutakwenda wote Miyuji. Nataka kuiona shotgun yako, na risasi zako za namba tano."

Chepeo lilianguka. Raphael alilitazama kaburi.

"Alikuwa ameinama," alisema chini chini. "Nilipiga kanga. Sikumwona, alikuwa ameinama anakagua mizizi."

Waliokuwa mbali hawakusikia. Walianza kuulizana. Hashimu aliliokota chepeo, akachota udongo, lakini hakuumwaga. Alisimama nao hivyo, umejaa, mbele ya uso wa Raphael.

"Sema kwa sauti," alimwambia. "Mimi nilisemwa kwa sauti."